Sukari iliyopangwa na sukari iliyonata

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, nasoma PCB, naishi Chumbageni, Tanga. Mama yangu ana kisukari. Juzi kliniki walimpima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu, ikatoka asilimia 8.4, wakamwambia sukari imenata kwenye protini za damu na ndiyo inayomharibu. Sasa darasani tumesoma kwamba Golgi, kile chombo cha ndani ya seli kinachofungasha protini, inaunganisha sukari kwenye protini ili zisafirishwe, na bila hiyo seli haiishi. Je, ni kitu kimoja? Kama ni kimoja, mama aliyeamua kuacha sukari kabisa (ameacha mpaka machungwa) si atazinyima seli zake sukari ya kusafirishia protini? Na la mwisho: mama ana upungufu wa damu pia. Hicho kipimo kwake kinaaminika?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na mama mpe pole. Swali lako la kwanza linawababaisha hata watu waliokwisha kuvaa joho, kwa hiyo usione haya kuliuliza.

Ni vitu viwili. Sukari inayounganishwa ndani ya seli huwekwa na vimeng'enya, mahali palipochaguliwa, kwa mpangilio maalumu, na seli huilipia kwa nishati. Sukari inayopimwa na HbA1c imejinatisha yenyewe. Hakuna kimeng'enya kilichoituma, na kadiri glukosi inavyopanda kwenye damu ndivyo inavyozidi kunata. Kwa ajili ya mtihani, ya kwanza ndiyo glaikosilesheni na ya pili ni glaikesheni.

Nianze na hiyo ya mama, maana kikemia ndiyo nyepesi. Himoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni na ambayo ndiyo HbA1c huipima kwa sukari iliyoinata, hutengenezwa kwenye uboho na ribosomu (mashine za seli za kuunda protini) zinazoelea ndani ya saitoplazimu, yaani majimaji ya seli, ya seli changa ya damu. Haiingii kwenye retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa utando ambako protini za safari huanzia, wala haipiti Golgi, kwa sababu haina safari: kazi yake ni humo humo ilimozaliwa. Seli nyekundu ikikomaa hutupa kiini, na Golgi nayo hutoweka. Kwa hiyo ukikuta glukosi kwenye himoglobini ya mama, Golgi usiitie hatiani, haimo. Glukosi imeingia kwenye seli nyekundu kupitia mlango usiohitaji insulini, ikakutana na ncha ya mnyororo wa beta, ambako asidi amino ya kwanza ni valini na kundi lake la amino liko wazi, ikashikana nayo. Mwanzoni mshikano huo ni dhaifu na unaweza kuachia. Baadaye atomu zinajipanga upya, na zikishajipanga ndio basi, glukosi itabaki hapo hadi seli ife. Seli nyekundu huishi kama siku 120, ndiyo maana kipimo kinaeleza wastani wa miezi 2 hadi 3 na hakijali mama alikunywa chai gani jana.

Aliyefungua njia ni Samuel Rahbar, aliyekuwa Tehran mwishoni mwa miaka ya 1960 akichunguza damu za watu kutafuta himoglobini zisizo za kawaida, akaona wenye kisukari wana aina moja iliyozidi. Kila mtu anayo kiasi. Asiye na kisukari kwa kawaida huwa chini ya asilimia 5.7, na tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linakubali 6.5 kuwa kigezo cha kuutambua ugonjwa.

Jambo moja katika maneno ya kliniki ningelirekebisha. Himoglobini iliyonatwa na glukosi si yenyewe inayomdhuru mama, ni shahidi tu. Madhara yako kwenye viungo, hasa kwenye protini zinazokaa mwilini miaka: kolajeni ya kuta za mishipa, protini za lenzi ya jicho. Huko glukosi ikinata, mabadiliko yanaendelea mpaka protini mbili zinafungana pamoja, na mshipa unakakamaa. Kunata si njia pekee ya madhara ya kisukari, lakini ni mojawapo.

Sasa tuingie ndani ya seli.

Karibu theluthi moja ya aina za protini za binadamu zina safari: zinatolewa nje ya seli, au zinakwenda kukaa kwenye utando, au zinakwenda kwenye lisosomu, kijifuko cha seli cha kusagia takataka. Safari inaanza hata kabla protini haijamaliza kutengenezwa. Mwanzoni mwake kuna kipande kifupi cha asidi amino kinachoivuta ribosomu nzima mpaka kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu. Günter Blobel alipata Nobel ya 1999 kwa kueleza jambo hili. Tazama vizuri: kipande hicho ni asidi amino, si sukari. Nalitaja mapema kwa sababu notisi nyingi za shule zinaandika kana kwamba sukari ndiyo nauli ya kila safari. Sivyo. Protini inaingia kwenye mfumo kwa kipande hicho, na sukari inakuja kwa kazi nyingine, ambazo kwa maoni yangu ndizo tamu zaidi.

Mnyororo wa protini unasukumwa ndani kupitia tundu la utando. Kando ya tundu kuna kimeng'enya kikubwa kinachoukagua unavyopita, kikitafuta mfuatano mmoja: asparajini, kisha asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Kikiupata, hupachika kwenye ile asparajini tawi zima la sukari 14 kwa mkupuo mmoja: N-asetiliglukosamini 2, manosi 9 na glukosi 3. Tawi lenyewe limeandaliwa mapema juu ya molekuli ndefu ya mafuta iitwayo dolikoli, iliyozama kwenye utando. Sukari 7 za mwanzo huunganishwa likiwa limeelekea saitoplazimu, kisha linapinduliwa upande wa ndani na kuongezwa 7 zilizobaki. Ni gharama kubwa kwa kitu ambacho dakika chache baadaye kinaanza kukatwa.

Maana ndivyo inavyokuwa: zile glukosi 3 za nchani zinaanza kuondolewa karibu papo hapo. Mwanafunzi makini hapa lazima aulize, kwa nini uweke halafu ukate?

Glukosi mbili zikishatoka, inabaki moja. Hiyo moja inatambuliwa na protini mbili wenyeji wa retikulamu, kalneksini na kalretikulini, ambazo humshika mgeni na kumsaidia ajikunje katika umbo lake sahihi bila kugandamana na wenzake. Kisha glukosi ya mwisho inakatwa na mgeni anaachiwa. Akishaachiwa anakutana na kimeng'enya kingine, mkaguzi. Kikimkuta bado hajajikunja sawasawa, yale maeneo ambayo yangepaswa kufichwa ndani yako wazi, basi kinamrudishia glukosi moja, naye anarudi kwa kalneksini kuanza upya. Kikimkuta yuko sawa, hakimgusi, anaendelea na safari. Protini inaweza kuzunguka hivyo mara kadhaa.

Lakini haizunguki milele. Wakati hayo yanaendelea, vimeng'enya vingine vya polepole vinapunguza zile manosi moja baada ya nyingine. Protini iliyokaa sana inapoteza manosi nyingi, na upungufu huo ndio unaoipeleka kwenye njia ya kutupwa: inavutwa nje hadi saitoplazimu na kusagwa na proteasomu. Kwa hiyo glukosi moja maana yake ni "bado", na manosi zilizopungua maana yake ni "muda umekwisha". Seli haina ubongo wa kuchungulia umbo la kila protini. Inasoma tawi.

Wewe ni mtu wa Tanga, bila shaka umeona robota za katani. Katani ikishapigwa brashi hupangwa madaraja, na robota hupewa alama yake kabla ya kwenda bandarini. Alama haibadilishi katani iliyomo, inamwambia anayefuata afanye nini. Ila tawi la sukari linaizidi alama ya robota kwa jambo moja: nalo linaisaidia protini. Sukari zinapenda maji, kwa hiyo protini yenye matawi haigandamani ovyo na wenzake, na baadhi ya vimeng'enya vya kukata protini vinashindwa kuifikia.

Protini iliyofaulu inapakiwa kwenye vifuko vidogo vya utando na kupelekwa Golgi. Camillo Golgi aliona chombo hicho mwaka 1898 akiwa Pavia, Italia, ndani ya seli za neva za bundi, na kwa miaka mingi baadaye walikuwepo wanasayansi waliosisitiza kwamba ni uchafu wa rangi ya maabara tu, mpaka hadubini ya elektroni ilipowanyamazisha katika miaka ya 1950. Ndani ya Golgi tawi linakatwa zaidi na kuongezwa sukari nyingine: N-asetiliglukosamini, galaktosi, fukosi, na mwishoni mara nyingi asidi siali. Huko huko protini nyingi huwekewa sukari za namna ya pili, kwenye serini au threonini, moja baada ya nyingine, bila tawi la kuandaliwa. Ute wa utumbo na wa njia ya hewa umejaa protini za namna hiyo.

Na hapa sasa ndipo mwalimu wako yuko sahihi neno kwa neno, kwamba sukari inaelekeza safari. Vimeng'enya vinavyotakiwa lisosomu hupewa fosfeti kwenye manosi, kwenye kaboni ya 6. Upande wa kutokea wa Golgi kuna vipokezi vinavyoishika manosi hiyo yenye fosfeti na kuipakia kwenye vifuko vya njia ya lisosomu. Vikifika penye asidi zaidi, kipokezi kinaachia mzigo na kurudi. Tunajua umuhimu wake kutokana na ugonjwa wa kurithi, wa nadra, ambapo mtoto anazaliwa bila kimeng'enya cha kuanzisha fosfeti hiyo. Vimeng'enya vyake vya lisosomu vinatengenezwa, ni vizima kabisa, lakini havina maelekezo, kwa hiyo vinamwagwa nje ya seli na kuonekana kwa wingi kwenye damu. Ndani ya seli lisosomu zinajaa takataka zisizosagwa. Unaweza kuwa na kila kitu isipokuwa fosfeti moja juu ya sukari moja, na mwili ukashindwa.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi, chukua kundi lako la damu. Karl Landsteiner aliyatenganisha makundi hayo mwaka 1901 bila kujua kwamba yanatokana na sukari. Watu wa kundi O wana mnyororo wa sukari unaoishia na fukosi na galaktosi. Wa kundi A wameongezewa N-asetiligalaktosamini moja, wa B galaktosi moja, na AB wanazo zote. Kazi hiyo hufanyika Golgi, katika seli changa kabla haijawa nyekundu kamili. Kwa watu wengi wa kundi O, jeni ya kimeng'enya cha kuongeza sukari hiyo ya mwisho imepoteza herufi moja ya DNA, kikatoka kilema. Mtu wa O akitiwa damu ya A anaweza kufa, na tofauti ni sukari moja ya mwishoni.

Unaishi kwenye mji wa maziwa, basi na hili ulijue: laktosi ya maziwa inatengenezwa Golgi. Kimeng'enya ambacho siku zote huweka galaktosi kwenye matawi ya protini, ndani ya titi linalonyonyesha hukutana na protini iitwayo alfa-laktalbumini, nayo inakigeuza kazi, kikaanza kuunganisha galaktosi na glukosi. Ni kile kile, kimepewa mwenza mwingine. Na galaktosi za matawi ya protini zikikaa kwenye uso wa seli si rafiki tu wanaozitumia. Sumu iliyomo kwenye mbegu ya mnyonyo huzishikilia, huingia seli, kisha husafiri njia yote kinyumenyume: Golgi, retikulamu, halafu hutorokea saitoplazimu na kuharibu ribosomu. Barabara ikishajengwa, hata mwizi huipita.

Turudi kwa mama. Kuna jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu: insulini ya binadamu yenyewe haina sukari hata moja. Inapita retikulamu, inapita Golgi, inafungashwa kwenye vifuko vya kongosho, inatoka uchi. Ndiyo sababu imewezekana kuitengeneza ndani ya bakteria na kuiuza kama dawa tangu 1982, ingawa bakteria hao hawana Golgi. Kinyume chake ni homoni ya figo inayochochea uboho kutengeneza damu, eritropoietini: ina matawi matatu kwenye asparajini na moja kwenye serini, na bila hayo, hasa bila asidi siali ya mwishoni, inaondolewa kwenye damu haraka mno isiweze kufanya kazi mwilini. Hiyo hutengenezwa kwenye seli za mamalia, na bei yake inaonyesha. Lakini kipokezi cha insulini, kile kilichoko kwenye utando wa misuli na ini, kimejaa matawi ya sukari, na bila hayo hakikunjiki vizuri wala kufika kwenye utando.

Je, mama akiacha sukari, matawi hayo yatakosekana? Hapana. Seli haisubiri sukari ya kwenye kikombe. Ugali, muhogo na wali vyote huishia kuwa glukosi, na mtu akishinda na njaa, ini hutengeneza glukosi kutokana na asidi amino na gliseroli. Kutoka kwenye glukosi hiyo seli hujitengenezea manosi, galaktosi, fukosi, asidi siali, zote. Luis Leloir wa Argentina alipata Nobel ya 1970 kwa kuonyesha jinsi sukari zinavyofungwa kwanza kwenye nyukleotidi ndipo zigeuzwe na kuunganishwa. Isitoshe, kiasi kinachohitajika ni kidogo ukilinganisha na glukosi inayochomwa kwa nishati. Chungwa zima la Muheza linahesabika kwenye mlo wa mama, na kiasi chake apange na mtaalamu wa lishe wa kliniki. Kwa ajili ya Golgi halihitajiki, na kwa ajili ya kisukari si lazima lipigwe marufuku. Juisi ni habari nyingine.

Kuna watoto wachache sana duniani ambao kwao jibu langu lingebadilika. Wamezaliwa bila kimeng'enya kinachogeuza fruktosi-6-fosfeti kuwa manosi-6-fosfeti, na tiba yao ni kupewa manosi ya kunywa. Wao ni sehemu ndogo ya kundi la magonjwa ambalo daktari Mbelgiji Jaak Jaeken alianza kulieleza mwaka 1980. Mama hayumo humo.

Na sasa lazima nikuharibie kidogo ule mgawanyo nadhifu wa mwanzo. Ulimaanisha kwamba sukari ya vimeng'enya haitegemei kiwango cha glukosi kwenye damu. Kuna aina moja inayokwenda kinyume. Ndani ya saitoplazimu na kiini, nje kabisa ya Golgi, seli huweka N-asetiliglukosamini moja peke yake kwenye serini na threonini za protini, na huiondoa tena, mara nyingi kwa siku. Iligunduliwa katika maabara ya Gerald Hart, Marekani, katikati ya miaka ya 1980. Malighafi yake inatoka kwenye glukosi, hivyo glukosi ikizidi kwa muda mrefu nayo huelekea kuzidi, na watafiti wa kisukari wanaifuatilia kwa karibu kwa sababu inagusa protini za njia ya insulini. Kwenye mtihani wako haitatoka. Nimeitaja ili usije ukaniambia nilikuficha.

Swali la mwisho ndilo la kuchukua hatua. HbA1c inategemea umri wa seli nyekundu, kwa hiyo chochote kinachobadilisha umri huo kinaivuruga namba. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma huelekea kuipandisha, kwa sababu seli mpya ni chache na zilizopo ni za zamani. Akianza vidonge vya chuma, namba inaweza kushuka hata kama glukosi haijabadilika. Selimundu, malaria inayovunja seli, kupoteza damu au kuongezewa damu karibuni huelekea kuishusha, kwa sababu seli za mama zinakuwa changa au si zake. Kwa hiyo 8.4 haitupwi, ila haisomwi peke yake.

Mama awaambie kliniki waziwazi kwamba ana upungufu wa damu, aulize chanzo chake kimejulikana, na kama amewahi kupimwa selimundu. Abebe daftari la vipimo vya kidole alivyoandika asubuhi na baada ya kula. Vikilingana na 8.4, sawa. Visipolingana, daktari anaweza kuagiza fruktosamini, kipimo cha glukosi iliyonata kwenye protini za majimaji ya damu, hasa albumini, kinachoeleza wiki 2 hadi 3 zilizopita na hakijali seli nyekundu zina umri gani. Albumini hiyo inatoka ini, imepita retikulamu na Golgi bila kuwekewa tawi hata moja, na imekuja kunatwa na glukosi huku nje. Dawa zake asizipunguze wala kuziongeza mpaka hayo yafanyike.